Kivuli Kisichotaniwa

Thekla alimwekea baba yake kikombe cha chai mezani, akajipangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Baba Thekla, chai itapoa."

Osmundi Mapunda alikuwa na kipande cha kiazi mdomoni. Hakukitafuna, hakukimeza. Mtoto gani anamwita baba yake kwa jina la mtoto mwenyewe? Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Baba Thekla, na mtu huyo walikwisha kumzika kwenye makaburi ya misheni wakati mahindi yanafika magotini. Sasa watu walikuwa wanavuna.

"Umeniitaje?" aliuliza.

"Baba," Thekla alisema. "Nikuiteje tena?"

"Kabla ya hapo."

"Sijasema kitu kabla ya hapo." Binti alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa anayekataa kwamba anaumwa. "Kunywa chai, Baba."

Osmundi alinyanyuka, akamzungukia, akasogeza nywele zake nyuma ya sikio la kushoto. Ushanga ulikuwa pale pale ulipopachikwa wakati wa matanga, mdogo kama punje ya mtama, na taa yake haikuwaka. Maana yake kivuli cha marehemu kilikuwa kimelala. Hakuna aliyeubonyeza ushanga, hakuna aliyekiita, na bado kilikuwa kimesema.

Tuseme ukweli, hata kama ukweli wenyewe hauna sura nzuri. Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na furaha. Alikuwa amesikia sauti ya mkewe asubuhi, mezani, ikimgombeza kwa ajili ya chai, na moyo ukamruka. Alirudi kwenye kiti chake akainywa chai yote bila kuinua macho, kwa aibu.

*

Kivuli kilikuwa kitu cha kawaida katika Songea ya siku hizo, kama paa la kunasa jua au gari lisilo na dereva. Mtu akifa, fundi alikuja msibani na kinasa sauti. Kila aliyemfahamu marehemu alikaa mbele yake akasimulia, na masimulizi hayo yakafumwa pamoja na sauti zilizobaki kwenye simu na kwenye video za harusi. Hiyo peke yake ilitoa sauti ya kasuku. Ili ipate uhai ilihitaji ubongo wa ndugu wa damu, hasa ubongo ulioanza kuisikia sauti ile tangu tumboni, kwa sababu humo ndimo zilimo pumzi, vituo na miguno ambayo hakuna mtu anayeweza kuisimulia. Ndugu huyo aliitwa mbebaji. Watu wa nyumbani walibonyeza ushanga wake, wakataja jina la marehemu, na marehemu akazungumza nao kwa kinywa cha mbebaji. Waliuliza zilipo funguo, waliomba radhi, waliagana. Arobaini ikifika, kivuli kilifungwa.

Nacho hakikufungwa kwa kubonyeza kitu. Wale wa mwanzo waliojaribu kukata ghafla waliwaacha wabebaji wao mabubu. Kivuli kilifungwa kwa maneno. Mtu alikaa mbele yake akamwambia marehemu yeye alikuwa nani, kwa ukamilifu, bila kupunja. Maneno yakilingana na kilichofumwa, uzi ulijifungua wenyewe, fundo kwa fundo, ukatoka. Hilo ndilo lililoitwa neno la kufunga. Kulitunga ilikuwa kazi ya kusomea, na Songea nzima hakukuwa na mtunzi wa kumfikia Osmundi Mapunda.

Alishawafunga mapadri na wauza mitumba, alishafunga watoto na vikongwe. Alikuwa anakaa na wafiwa mchana mmoja, anakunywa togwa lao, anauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, kesho yake anarudi na maneno. Kivuli kinaguna mara moja, kinakwenda zake. Sasa kivuli cha Batilda, mkewe mwenyewe, ndicho kilichomshinda. Arobaini ilipita, mvua zikapita, na mjini walishaanza kusema kinyozi hajinyoi.

*

Fundi wa vivuli, kijana mpole aitwaye Kasiani Haule, alikuja mchana ule ule. Alimvisha Thekla kitu mfano wa chanuo kichwani, akafungua kioo chake juu ya meza, akakitazama mpaka chai aliyopewa ikaota ngozi.

"Mzee Mapunda," alisema hatimaye, "nyuzi zimevuka."

"Zimevuka kwenda wapi?"

"Hizi nyekundu ni mama. Hizi nyeupe ni Thekla. Mpaka arobaini, nyekundu zilikuwa zimekaa pembeni, kama wageni sebuleni. Sasa zimeingia jikoni."

"Na nikiziacha?"

"Ukiziacha, mahindi hayajaisha kupukuchuliwa, huyu ataamka siku moja na hatajua kama ni Thekla. Na wala hatakuwa mama yake, mzee wangu. Kitakuwa kivuli kinachotembea kwa miguu ya mtoto wako."

Osmundi aliuliza, "Na nikifunga?"

Kasiani alimvua Thekla lile chanuo, akalifuta polepole kwa kitambaa, ingawa halikuwa na uchafu. "Uzi utatoka na kila ulichoshikamana nacho. Sauti ya mama yake itaondoka yote, hata ile ya Thekla mwenyewe, ya utotoni. Ataukumbuka uso. Atakumbuka mapishi, atakumbuka fimbo. Sauti, hapana. Hata ukimwekea video, ataisikia kama ya mtu baki, na ikizimwa hatabaki nayo." Kisha akaongeza, si kwa kulaumu, "Ungefunga wakati wake, asingepoteza kitu."

Thekla alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani, akisikiliza mambo yake yakizungumzwa juu ya kichwa chake.

"Basi msifunge," alisema. "Mwacheni mama akae. Mimi sina neno."

Wanaume wawili walitazamana. Sauti ilikuwa ya msichana. Lakini Thekla aliyekuwa anasoma chuo cha ualimu, aliyebishana na paroko kuhusu gharika ya Nuhu na kubishana na konda wa basi kuhusu mvua, hakuwahi hata siku moja maishani mwake kuwa hana neno. "Sina neno" ilikuwa kauli ya Batilda. Aliisema kila alipokuwa na maneno mengi.

"Sheria inataka mbebaji akubali kwa kinywa chake," Kasiani alisema kwa sauti ya chini, walipokuwa wamefika mlangoni. "Ila mimi siwezi kukuthibitishia kinywa hiki sasa ni cha nani."

Osmundi alibaki amesimama baada ya fundi kuondoka. Alijiuliza anamtendea nani dhuluma. Akifunga, amemnyang'anya mtoto sauti ya mama yake, na mtoto amekataa waziwazi. Asipofunga, amemnyang'anya mtoto nafsi yake, na huenda aliyekataa si mtoto. Na ndani kabisa alijua kitu cha tatu, ambacho hakumwambia Kasiani: kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisubiri kesho, aitwe tena Baba Thekla.

*

Alijaribu. Mtu asije akasema hakujaribu. Alimkalisha Thekla barazani, akabonyeza ushanga, akataja jina. Taa ikawaka. Uso wa binti ukalegea na kutulia, akawa anamtazama baba yake kwa macho ya mtu mzima.

"Batilda," alianza, "nguzo ya nyumba hii. Mwanamke wa subira, ambaye mlango wake haukuwahi kumfungia mgeni. Mwenye ulimi wa asali na mkono usiojua kunyima."

"Ahsante, Baba Thekla," kivuli kilisema. "Maneno mazuri sana."

Taa haikuzimika. Akajaribu kwa njia nyingine, akaanzia utoto wa Batilda huko Peramiho, akapitia ndoa, akaishia kitandani hospitali, mahali ambapo kila mfiwa hulia. "Ahsante, Baba Thekla," kivuli kilisema kwa upole ule ule. Akatunga kwa vina. Akashukuriwa kwa vina vyake.

Shida haikuwa uhaba. Maneno yalikuja, tena mengi, lakini yalikuja yamevaa suti. Kila neno alilolishika lilikuwa limekwisha kwenda kanisani. Alipomtafuta Batilda mwenyewe nyuma yao, yule wa jikoni, yule wa kugombania shuka, aligonga kitu kigumu hapa kifuani, na kila alipokigonga alirudi nyuma haraka. Alikijua kilikuwa nini. Hakutaka kukigusa.

Kivuli kile kilikuwa kimefumwa vibaya, na aliyekiharibu ni yeye. Kwa kawaida matanga ya Wangoni hayakosi watani wao, Wahehe wa Iringa. Babu zao walichomana mikuki, wajukuu wakabakiwa na mizaha, na msibani ndipo mizaha inapokolea. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hutoboa aibu zake mbele ya watu, hulala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Katikati ya machozi watu hucheka, na ndipo marehemu anapoonekana mzima. Watani nao hukaa mbele ya kinasa. Lakini siku ya kumzika Batilda alikuja askofu, wakaja na wakubwa wa kampuni ya vivuli, na Osmundi alitaka mazishi ya heshima. Vumilia Kikoti, Mhehe muuza vitunguu, shoga mkubwa wa marehemu, alipofika getini na mkeka uliotoboka na mwiko mkononi, Osmundi alituma vijana wawili wamsindikize atoke. Waliobaki wote walisema mazuri mbele ya kinasa, kwa sababu maiti hasemwi vibaya. Kikafumwa kivuli cha mtakatifu, na Osmundi alikuwa akiagana na mtu ambaye hajawahi kumwoa.

*

Kesho yake, Thekla akiwa anapepeta mchele uani, geti liligongwa kwa teke.

"Hodi kwa wala panya!"

Osmundi alitoka mbio. Vumilia Kikoti alikuwa amekwisha kuingia, mnene, mfupi, gunia la vitunguu begani. Alilitua chini, akatazama huku na huku uani.

"Naona panya wenu wamekonda, wanene mmewamaliza. Na mbwa mmemficha wapi, ninyi mnaosema Wahehe tunakula mbwa? Msihangaike, shemeji, leo nimetoka nimekula."

"Vumilia, sina nafasi leo," Osmundi alisema. "Nina shida nyumbani."

"Ndiyo maana nimekuja. Kasiani ananunua vitunguu kwangu, na Kasiani hajui kuficha uso." Alimpita akaelekea jikoni. "Nimekuja kuchukua kuku wangu."

"Kuku gani?"

"Wa msiba. Ulidhani ukizika bila mtani umeshazika? Haki ya mtani haiozi, Mngoni wewe."

Angeweza kumzuia. Mkono wake ulinyanyuka nusu, kama siku ile ya getini, ukashuka. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameshindwa, na aliyeshindwa hana tena cha kukilindia heshima. Vumilia alitoka jikoni amejifunga aproni ya Batilda, ile iliyoungua mfukoni, na upawa mkononi. Mkono mmoja aliuweka kiunoni. Akatembea kwa kuburuta kandambili, kiuno kikitangulia na kichwa kikifuata nyuma, na Osmundi akahisi nywele zikimsimama, kwa sababu hivyo ndivyo Batilda alivyotembea na hakuna mtu aliyekumbuka kuliambia kinasa.

"Mimi Batilda!" Vumilia alipaza sauti mpaka jirani akachungulia. "Mimi Batilda binti Komba! Chumvi yangu naificha ndani ya debe la unga, jirani asije akaomba! Nimefukuzwa kwaya kwa kuimba kama bawaba isiyo na mafuta, nikamwambia mume wangu nimeacha mwenyewe, mgongo unaniuma! Gauni nimempa Vumilia, halafu kila Jumapili naligusa gusa nione kama analitunza!"

Ungo ulianguka. Thekla alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, na kutoka nyuma ya mikono ile kilitoka kicheko, kikafuatwa na kwikwi, kisha kicheko, kisha kwikwi. Hivyo ndivyo alivyocheka tangu mdogo; alikuwa hawezi kucheka bila kushikwa na kwikwi, na shuleni walimtania kwa hilo. Osmundi hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msiba, na hakuwa hata amegundua kwamba hakisikii. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Ndipo ushanga ukawaka peke yake.

"Chumvi ile ilikuwa yangu, Vumilia!" kivuli kilisema kwa ukali. Kisha taa ikazimika, na Thekla akabaki anapepesa macho, kwikwi ikiendelea.

Vumilia alikuwa ametoa macho, upawa hewani. Alipoendelea, mzaha ulikuwa umekwisha kuchanganyika na kilio.

"Mimi Batilda, naumwa mwaka mzima, namwambia mume wangu ni kiungulia! Namwapisha shoga yangu asiseme! Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kimeniumbua! Na mume wangu huyu, bingwa wa maneno, anajua ya kila maiti mjini, la tumboni mwa mkewe halijui!"

Osmundi alijua. Alilijua siku ile ile Batilda alipokufa, daktari alipomwambia kwa mshangao kwamba mgonjwa alikuwa na majibu ya vipimo vyake tangu mwaka jana. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu kifuani. Mtu anamwambia nani msibani kwamba amemkasirikia maiti? Watu wanampa pole, naye anatamani kulipiga teke jeneza. Alikimeza, akavaa suti, akasimama na askofu.

Lakini kabla ya hilo kulikuwa na jingine, na halikutaka kungoja. Alipiga magoti mbele ya binti yake kwenye mchele uliomwagika.

"Thekla. Nisikilize wakati kwikwi bado iko, najua ni wewe. Nikifunga, sauti ya mama utaipoteza moja kwa moja. Nisipofunga, utapotea wewe. Mimi siwezi kukuchagulia. Niambie."

Thekla alijaribu kusema, kwikwi ikamkata. Akajaribu tena.

"Sijamlilia Mama," alisema. "Kila nikianza kulia ananibembeleza humu ndani, nanyamaza. Miezi yote hii, Baba. Funga. Nataka kumlilia kwa sauti yangu."

"Vumilia, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji. Mimi ni shahidi."

Osmundi alinyoosha mkono, akabonyeza ushanga, akaita jina. Uso wa binti yake ulilegea. Hakuwa na neno lolote alilolitayarisha, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakulitafuta.

"Batilda," alisema, "wewe ni mwongo. Ulikuwa mchoyo wa chumvi na mwepesi wa kugawa nguo. Uliimba vibaya na hukuacha kuimba. Nilipokusomea kazi zangu ulisinzia, na ukiamka ulisema, nzuri, ila ondoa nusu. Kila mara nilinuna. Kila mara niliondoa. Ulijua unakufa. Ulikaa na mimi meza ile ile ukijua, ukanisogezea kiazi ukijua. Kazi yangu mimi ni kuaga watu, na wewe hukunipa nafasi ya kukuaga. Nimekukasirikia, Batilda. Nakupenda na nimekukasirikia, na nimekuweka ndani ya mtoto wetu muda wote huu kwa sababu sikutaka uende kabla sijakugombeza."

Alingoja kushukuriwa.

Kivuli hakikushukuru. Kilisonya, msonyo mrefu wa pembeni mwa mdomo, na Vumilia akashika kifua chake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Ningekuambia," Batilda alisema, "ungeanza kunitungia neno la kufunga nikiwa bado nasonga ugali. Ningekuona unaniangalia kwa jicho lile la kazini. Nilitaka mtu wa kula naye, Baba Thekla. Sikutaka mtunzi."

Lilikuwa kweli, na Osmundi alilijua. Kama lilitoka kwenye uzi wa kampuni, au kwenye kichwa cha binti aliyeyaona yote na kunyamaza, hakuna fundi ambaye angeweza kumwambia.

"Lakini nzuri," sauti iliongeza, ikiwa imeanza kwenda mbali. "Ila ondoa nusu."

Taa ikazimika. Ushanga ukadondoka wenyewe, ukapotea kwenye mchele. Thekla alimwangukia baba yake begani, akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa sauti kubwa, kamasi zikimtoka, kwikwi zikimkatiza, na hakuna mtu ndani yake aliyembembeleza. Majirani walitoka ndani ya nyumba zao wakasimama uani, wengine wakalia naye, kana kwamba msiba ulikuwa wa siku ile. Jioni Vumilia aliondoka na kuku wake. Alichagua jogoo.

*

Thekla alirudi kubisha. Alibishana na Kasiani aliyekuja kumpima, akabishana na baba yake kuhusu nani aliyeacha bomba wazi. Alirudi chuoni, na wikiendi alikuja nyumbani na nguo chafu, kama zamani. Kwa mtu aliyetazama kutoka nje, nyumba ilikuwa imepona.

Asubuhi moja ya Jumamosi Osmundi alimkuta mezani na simu mkononi. Alikuwa anacheza video ya harusi ya shangazi yake, mahali ambapo Batilda anasimama kutoa zawadi na kusema maneno machache. Aliicheza, akaizima, akafumba macho, akatikisa kichwa. Akaicheza tena.

"Nikiizima tu inatoka," alisema bila kumtazama. "Naona mdomo unafunguka. Baba, Mama alikuwa na sauti gani?"

Osmundi alikaa. Swali la namna hiyo ndilo lililomlisha miaka yote. "Ilikuwa sauti nene kidogo," alianza, "yenye ukwaruzo wa mbali, kama..." Akasikia maneno yakishuka moja moja, yote yamevaa suti, yamechana nywele. Aliona uso wa binti yake ukingoja kwa adabu.

Alinyanyuka akaingia jikoni. Aproni iliyoungua mfukoni ilikuwa bado kwenye msumari wake. Aliivaa, na kamba zikakataa kufika nyuma, akazishikilia kwa mkono mmoja. Akachukua upawa. Alisimama mlangoni mzee mzima, mtunzi aliyepigiwa makofi na askofu, akavuta pumzi, akaja akiburuta kandambili, kiuno kikitangulia na kichwa kikifuata.

"Baba Thekla!" alipaza kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, ya mtu anayeiga vibaya. "Chai itapoa!"

Thekla alimtazama. Kicheko kilimtoka kwanza, kisha kwikwi, kisha machozi yakaja juu ya vyote viwili, na hakuvifuta.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana," Osmundi alisema, naye akilia. "Ilikuwa nzuri kuliko hivi."

Lakini hii ilikuwa sauti ya baba yake, na sauti ya baba yake hakuna uzi ulioichukua. Hii ingebaki.

"Tena, Baba," Thekla alisema.

Akarudi jikoni, akaja tena.